Chumba cha 27, British Museum: mawe ya Wamaya yanayosomeka

Ukiwa London na una saa mbili zisizo na kazi, nenda British Museum, mtaa wa Great Russell. Ukishaingia kwenye ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, waache watu waende zao kwenye maiti za Misri. Wewe ulizia chumba namba 27, chumba cha Mexico, ghorofa ya chini. Kiingilio hakuna. Humo mna linta za mawe, yaani mawe ya kulazwa juu ya mlango, zilizotoka Yaxchilán, mji wa Wamaya ulio ukingoni mwa mto Usumacinta, jimbo la Chiapas, ng'ambo tu ya Guatemala. Zilichongwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na leo zinasomeka. Mtu aliyejiandaa jioni moja tu anaweza kusimama mbele ya jiwe, akaanzia juu, akaisoma tarehe na akalitambua jina la mfalme kwa macho yake mwenyewe. Wengi wanaopita pale hutazama picha dakika mbili wakatoka, nami naona huruma, kwani kilicho bora katika chumba kile ni maandishi.

Mimi ni mchongaji wa mbao. Kazi nilijifunzia Unguja, kwenye milango, na hapa London nashughulika na madirisha na milango ya nyumba kongwe. Kwa hiyo jiwe naliangalia kifundi kwanza: nani alichora kabla ya kuchonga, patasi ilianzia wapi, mkono ulichoka wapi. Mlango wa Kizanzibari nao mara nyingi hubeba maandishi juu yake, aya na mwaka wa Hijria, na mgeni huyasoma kabla hajabisha hodi. Niliposikia kwamba mawe yale yalikuwa juu ya milango, sikutaka kuambiwa na mtu yamesema nini. Nilitaka kuyasoma.

Jambo moja ulijue kabla hujafika. Pale ukutani utayakuta yamesimamishwa kama picha za fremu. Kwao yalilala. Upande uliochongwa ulitazama chini, kwenye njia ya mlango, na aliyeingia alilazimika kuinua shingo ili aone mfalme na mkewe wakiwa juu ya utosi wake. Kuyasimamisha kunamsaidia msomaji, shingo haiumi na taa inafika vizuri. Lakini ushauri wangu ni huu: ukimaliza kusoma, piga goti karibu na jiwe ulitazame kutoka chini. Utaona kina cha uchongaji kinabadilika, na nyuso zinajitokeza kuliko ulivyoziona ukiwa umesimama. Fundi aliijua njia ya macho ya mgeni, akachonga kwa kuifuata.

Anza na linta 24. Ni jiwe la chokaa lenye kimo cha zaidi ya mita 1 kidogo. Mwanamume amesimama, ameshika mwenge mrefu unaowaka. Mbele yake mwanamke amepiga magoti, anavuta kamba yenye miiba kupitia tundu la ulimi wake. Karibu naye kuna kikapu chenye karatasi zilizodondokewa damu. Si picha ya kumfurahisha kila mtu, na ukiwa na watoto wadogo ni vizuri uijue mapema. Sasa litazame vazi lake. Nguo yote imefumwa kwa nakshi za almasi, pindo lina mapambo yake, na kila uzi umechongwa kana kwamba jiwe lilikuwa kitambaa. Wamaya wa wakati ule hawakuwa na patasi za chuma. Walichonga jiwe kwa jiwe gumu zaidi. Nimeshika patasi tangu ujana wangu na bado nasimama mbele ya pindo lile nikijiuliza mkono ule ulikuwa na subira ya namna gani. Ukisogea, utaona mabaki ya rangi ya buluu na nyekundu ndani ya mikunjo. Jiwe lote lilikuwa limepakwa rangi.

Kisha yapandie maandishi. Alama za Wamaya hukusanywa kwenye visanduku vya mraba vyenye kona laini, na ndani ya kisanduku kimoja huweza kukaa alama 2, 3, hata 5. Kwa kawaida visanduku husomwa kwa safu mbili mbili: cha kushoto, cha kulia, kisha unashuka chini yake, kushoto tena, kulia tena. Namna ya kujua mwanzo ni kuangalia nyuso. Alama nyingi ni vichwa vya watu, wanyama na miungu, na vichwa hivyo huutazama mwanzo wa maandishi. Kwa hiyo wewe unaanzia kule wanakotazama, unakwenda ukikutana nao uso kwa uso.

Namba ni rahisi zaidi. Nukta ni 1, mstari ni 5. Maandishi makuu ya linta 24 yanaanza na siku: mstari mmoja, yaani 5, pamoja na alama ya siku iliyozungushiwa fremu ya mviringo. Ni siku ya 5 Eb. Kisanduku kinachofuata kina mistari 3, yaani 15, na jina la mwezi Mak. 5 Eb 15 Mak. Hiyo ndiyo tarehe, na umeisoma bila msaada wa mtu.

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo. Wamaya walikuwa na mzunguko wa siku 260 na mwaka wa siku 365, vyote vikienda kwa pamoja. Siku na mwezi vikikutana mara moja, havikutani tena mpaka zipite siku 18,980, karibu miaka 52. Maana yake tarehe ya linta 24 peke yake haitoshi. 5 Eb 15 Mak inaweza kuwa mwaka 657, au 709, au 761. Lakini jiwe linamtaja mfalme, na kutokana na mawe mengine tunajua mfalme huyo alitawala kuanzia 681 hadi kufa kwake mwaka 742. Unabaki mwaka mmoja tu unaoingia humo: 709, mwezi wa Oktoba. Kwa hesabu yao ndefu, ile inayohesabu siku kutoka mwanzo wao wa Agosti mwaka 3114 kabla ya Kristo, ni 9.13.17.15.12. Baktun 9 za siku 144,000, katun 13 za siku 7,200, tun 17 za siku 360, winal 15 za siku 20, na siku 12. Piga hesabu kwenye karatasi, utapata siku 1,396,032. Nilipenda sana kuipiga mwenyewe, na nakuhimiza uipige kabla hujaenda, kwa sababu ukifika pale ile mistari 3 ya mwezi Mak haitakuwa pambo tena.

Baada ya tarehe jiwe linasema, kwa maana yake: hii ni taswira yake akiwa katika ibada ya kujitolea, kwa mkuki wa moto. Ule mwenge mkononi mwa mfalme umetajwa. Halafu linatoa jina lake, Itzamnaaj Bahlam, ambaye vitabu vya zamani vilimwita Ngao-Chui kwa sababu jina lake liliandikwa kwa alama iliyofanana na ngao juu ya kichwa cha chui mkubwa wa Amerika. Anaitwa bwana wa katun 4, mtu aliyekwisha kuingia kipindi chake cha 4 cha karibu miaka 20 kila kimoja. Anaitwa mtekaji wa Aj Nik. Mwisho anaitwa mfalme mtukufu wa Pa'chan, jina la kale la Yaxchilán. Tafuta alama hiyo ya mwisho: ni alama ya mbingu iliyopasuliwa katikati, na pembeni yake kuna vitone vinavyoporomoka, dalili ya utukufu. Heinrich Berlin ndiye aliyeonyesha mwaka 1958 kwamba kila mji mkubwa ulikuwa na alama ya namna hii. Ukishaijua ya Yaxchilán, itafute kwenye mawe mengine chumbani. Mwanamke naye ana maandishi yake: ni Bibi K'abal Xook. Ana cheo cha kaloomte', cha watawala wa juu kabisa.

Nataka kusema wazi kwa nini jina hilo limenigusa. Hadi katikati ya karne iliyopita, mtaalamu mkubwa kuliko wote, Eric Thompson, alishikilia kwamba maandishi ya mawe yanahusu nyota, miungu na kupita kwa wakati, wala hayasimulii maisha ya watu. Tarehe walikuwa wamekwisha kuzisoma, na hilo si jambo dogo. Ernst Förstemann, mkutubi wa Dresden, aliifungua kalenda kutokana na kitabu cha Wamaya kilichohifadhiwa katika maktaba yake. Lakini watu waliochongwa waliitwa makuhani, na wanawake waliovaa nguo ndefu walidhaniwa kuwa wanaume.

Aliyegeuza mambo ni Tatiana Proskouriakoff, mzaliwa wa Tomsk aliyekulia Marekani. Alisomea usanifu wa majengo na alianza kwa kuchora magofu. Kule Piedras Negras, mji wa Wamaya ulio chini zaidi kwenye mto ule ule wa Usumacinta, aliona mawe yamesimamishwa kwa mafungu, na katika kila fungu tarehe hazikuzidi urefu wa maisha ya mtu mmoja. Kulikuwa na alama moja iliyorudi kwenye tarehe ya mwanzo, na nyingine iliyokuja miaka kadhaa baadaye. Ya kwanza ilikuwa kuzaliwa, ya pili kutawazwa. Alichapisha hoja hiyo mwaka 1960, na mwaka 1963 na 1964 akayafanyia kazi mawe ya Yaxchilán yenyewe. Wafalme wakarudi kuwa wafalme. Wanawake wakarudi kuwa wanawake, kwa sababu alionyesha kichwa kidogo cha mwanamke kinachotangulia majina yao. Bila yeye, K'abal Xook angebaki kuhani asiye na jina katika maelezo ya makumbusho. Thompson mwenyewe, alipoisoma kazi hiyo, alikubali. Proskouriakoff alifariki mwaka 1985, na majivu yake yakazikwa Piedras Negras. Mimi nikisimama mbele ya linta 24, wanawake ninaowasalimu ni wawili.

Sauti za maandishi zilikuja kwa njia nyingine. Chini hapo hapo, chumba cha 4, lipo jiwe la Rosetta, na watu wamelizunguka. Wamaya hawakutuachia jiwe la namna hiyo lenye lugha mbili. Tulichopata ni ukurasa wa padri Diego de Landa, yule yule aliyechoma vitabu vyao Maní, Yucatán, Julai 1562. Katika maelezo aliyoyaandika karibu mwaka 1566 aliweka alichodhani ni alfabeti: aliwatajia waandishi wa Kimaya herufi za Kihispania, nao wakamwandikia alama. Karne zilipita. Nakala ilipatikana Madrid katika miaka ya 1860, watu wakajaribu kuitumia kama alfabeti, wakashindwa, wakaitupilia mbali.

Mwaka 1952 Yuri Knorozov, kijana wa Leningrad ambaye hakuwa amekanyaga nchi za Wamaya, aliandika kwamba ile haikuwa alfabeti, ilikuwa silabi. Landa alitaja herufi kwa jina lake, "be", "ka", na mwandishi akaandika alichosikia. Sisi Waswahili tungemwelewa yule mwandishi mara moja, maana ndivyo tulivyofundishwa kusoma: ba, be, bi, bo, bu. Konsonanti na irabu yake, kitu kimoja. Tofauti ni kwamba maneno mengi ya Kimaya huishia kwenye konsonanti, kwa hiyo irabu ya mwisho huandikwa lakini haitamkwi.

Knorozov aliithibitisha hivi. Katika vitabu vya Wamaya vilivyosalia, juu ya picha ya bata mzinga kuna alama 2. Ya kwanza Landa ameipa sauti "ku". Bata mzinga kwa Kimaya cha Yucatán ni kutz, basi ya pili lazima iwe "tzu". Nenda sasa kwenye picha ya mbwa: alama 2 tena, ya kwanza ni ile ile "tzu", na ya pili Landa ameiandika kwa "l", yaani "lu". Tzu-lu. Tzul ni mbwa. Fundi hupenda kiungo kinachokaa bila gundi, na hoja hii imekaa hivyo. Thompson aliipinga hadi alipofariki mwaka 1975. Lakini tangu mkutano wa Palenque wa mwaka 1973, ambako Linda Schele, Peter Mathews na Floyd Lounsbury walipanga orodha ya wafalme wa mji huo kutoka kwenye maandishi, mlango ulikuwa wazi. David Stuart, aliyeanza kuzichora alama hizi utotoni, alifungua silabi nyingi katika miaka ya 1980. Stuart huyo huyo ndiye aliyeisoma kauli inayotangulia majina ya wachongaji, kwa hiyo leo tunajua kwamba kule Piedras Negras mafundi walitia majina yao kwenye mawe. Kwangu mimi habari hiyo ina uzito kuliko vita vyote vya wafalme.

Rudi chumbani. Linta 25 ni dada wa 24, ilikaa juu ya mlango wa katikati wa jengo hilo hilo, ambalo wataalamu huliita jengo 23. Ni nyumba ya K'abal Xook, iliyozinduliwa katika miaka ya 720. Hapa amepiga magoti peke yake akitazama juu, na mbele yake nyoka mkubwa ameinuka, kinywani mwake anatoka mpiganaji mwenye mkuki. Tarehe inarudi nyuma hadi Oktoba 681, siku za kutawazwa kwa mfalme. Sasa yaangalie maandishi yaliyo juu ya picha. Nyuso zote zinatazama upande wa pili. Maandishi yamegeuzwa kama yanavyoonekana kwenye kioo, na lazima uyasome kutoka kulia.

Nimesimama mbele ya jiwe hili muda mrefu kuliko yote, na kama mchongaji nasema hivi: hilo si kosa la mwanafunzi. Mwanafunzi akikosea hukosea herufi moja, akaikumbuka inayofuata. Hapa kila kichwa kimegeuzwa, kila nukta na mstari umehamia upande wake mpya, na mpangilio wa visanduku umefuata. Mtu aliyefanya hivyo alichora yote kinyume kabla hajagusa jiwe, na mkono wake haukusita popote. Ukitaka kujua kama umeielewa kanuni ya nyuso, linta 25 ndiyo itakayokupima.

Nilikwenda na binti wa kaka yangu, ana miaka 11, na siku hiyo tulijiunga na matembezi ya kulipia ya kampuni moja ya watalii ambayo jina nitaliacha. Sikuridhika nayo. Mwongozaji alitufikisha mbele ya linta 24, akasema Wamaya walikuwa watu wa ajabu waliotoweka, na kwamba yule mwanamke ni mateka anayeadhibiwa. Mtoto akanivuta mkono.

"Ami, kama ni mateka, mbona nguo yake ndiyo nzuri kuliko zote?"

"Huyo ni mke wa mfalme, mwanangu. Jina lake limeandikwa hapo."

"Lipi?"

Nikamwonyesha. Mwongozaji alikuwa amekwisha kwenda chumba kingine. Sitoi lawama kwa sababu ya fedha. Nalalamika kwa sababu kila alichokisema kilikuwa kimejibiwa na jiwe lenyewe, sentimita chache juu ya kichwa cha mwanamke aliyekuwa akimnyooshea kidole. Na Wamaya hawajatoweka. Lugha za Kimaya ni 30 hivi, wasemaji wao ni mamilioni, na ni kwa sababu lugha hizo ziko hai ndipo maandishi haya yamesomeka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Linda Schele na Nikolai Grube walianza kufundisha alama hizi kwa Wamaya wenyewe huko Guatemala, na leo wapo wajukuu wa waandishi wale wanaochonga tena tarehe zao kwa nukta na mistari. Habari kama hiyo mtalii anastahili kuisikia.

Mawe mengine chumbani nitayapitia haraka. Linta 15, 16 na 17 zilitoka kwenye jengo la mwana wa Itzamnaaj Bahlam, mfalme aliyeitwa Yaxun Bahlam, aliyetawala 752 hadi 768. Ziangalie baada ya 24 na 25, si kabla, kwa sababu zinarudia mambo yale yale kwa makusudi: ibada ya damu, nyoka wa maono, na vita. Mwana alikuwa akijipanga kwenye mstari wa baba. Uchongaji wake ni mzuri lakini haufikii wa jengo 23, mistari ni mizito zaidi na nguo hazina ule ufumaji. Kwenye 16 na 41 kuna habari za kutekwa watu. Neno la Kimaya ni chukaj, "alitekwa", nalo huandikwa kwa silabi 3: chu, ka, ja. Likiwa kwenye karatasi yako, litafute.

Linta 35 ndiyo inayopitwa na karibu kila mtu, kwa sababu haina picha hata moja. Ni maandishi matupu, ya karne ya 6, sehemu ya mfululizo wa linta zinazotaja wafalme 10 wa kwanza wa Yaxchilán na mateka wa zama zao. Nawaomba wasomaji msiipite. Alama za kipindi hicho zimejaa, zimebanana, na kila kisanduku kimepangwa kama kazi ya mtu mwenye mwandiko wake. Chagua kisanduku kimoja, kichore kwenye daftari. Ukishachora kimoja kwa mkono wako, macho yako yatatenganisha alama kwenye vingine vyote.

Kuhusu namna mawe yalivyofika London: Alfred Maudslay, Mwingereza, alifika Yaxchilán mwaka 1882, na linta zikasafirishwa. Ili zibebeke, mgongo wa jiwe ulikatwa kupunguzwa uzito. Mimi nikiutazama ukingo wa jiwe lililokatwa moyo unauma, na naamini linta ya mlango mahali pake ni juu ya mlango. Pia nasema ukweli kwamba Maudslay alipiga picha na kutengeneza mamia ya nakala za plasta za mawe aliyoyaacha huko huko, na mchoraji Annie Hunter akazichora alama moja moja kwa uaminifu mkubwa. Baadhi ya mawe hayo yameliwa na mvua tangu wakati ule, na nakala zile sasa zinaonyesha alama ambazo jiwe limezipoteza. Wasomaji wa miaka ya 1960 na baadaye walizitegemea sana kazi hizo.

Sasa mambo ya kukufaa ukienda. Usiende mikono mitupu. Michoro ya mistari ya linta za Yaxchilán, aliyoichora Ian Graham kwa mradi wa Peabody Museum ya Harvard, inapatikana kwenye intaneti. Chapisha ya linta 24 na 25, kwa ukubwa wa kutosha, ubebe na penseli. Mchoro unaonyesha mipaka ya alama ambayo jiwe lenyewe, kwa vivuli vyake, hulificha jicho lisilozoea. Mwanga wa chumba ni hafifu na taa zimeelekezwa kwenye mawe, jambo zuri kwa uchongaji lakini si kwa kusoma karatasi ndogo. Kupiga picha kunaruhusiwa. Vibao vya maelezo ni vifupi, vinatosha kukupa jina na tarehe, kwa hiyo kazi ya kusoma ni yako. Katikati ya mchana wa Jumamosi chumba hujaa watu wanaokuja kuona nyoka wa Waazteki mwenye vichwa viwili, aliyepambwa kwa vipande vya feruzi, aliye humo humo. Ijumaa makumbusho hufungwa saa 2:30 usiku, na jioni hiyo utapata nafasi ya kusimama mbele ya jiwe bila kusukumwa.

Chumba nakipa nyota 5. Matembezi ya kulipia niliyoyaeleza nayapa 1, na hiyo ni kwa sababu walituelekeza mlango sahihi. Na ujue mapema kwamba jengo 23 lilikuwa na milango 3 ya mbele, na London ina linta 2 tu za milango hiyo. Linta 26, ambamo K'abal Xook anamkabidhi mumewe kofia ya vita yenye kichwa cha chui, ipo Museo Nacional de Antropología, Jiji la Mexico. Tarehe yake ni ya mwaka 724. Atakayefika huko kabla yangu aniandikie visanduku vya juu vimebaki vizuri kiasi gani.